Ombi la Kumpunguzia Umri Kaisari Probus

Mtoni, Temeke

Kwa Mwalimu Twalib, mtambuzi wa sarafu za kale,

Natumaini hujambo, na lenzi yako nayo haijambo. Mimi ni yule mzee uliyemtambulia sarafu aliyopewa zawadi na mkwe wake Edgar, aliyerudi kutoka masomoni Italia. Uliandika kwa mwandiko mzuri kwamba ni sarafu ya Kirumi, na kichwa kile chenye taji la miale ni cha Kaisari Probus. Elimu yako siitilii shaka. Nalalamikia matokeo yake, kama ifuatavyo.

1. Jina. Sisi ni watu wa Kamachumu, mkoa wa Kagera, na huko karibu kila parokia ina Probus wake. Mke wangu Avelina aliposoma maelezo yako aliuliza ni Probus wa ukoo gani. Kufika jioni alikwishampigia simu dada yake, wakakubaliana kuwa pua ile ni ya upande wa mama yao. Jirani yetu Ismail, mtu wa Lindi, alisema hashangai. Alijua tu iko siku Wahaya tutadai hata Roma.

2. Firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkubwa wa nyumba. Nimeishi Mtoni miaka hamsini. Huku sina kibanja, shamba la ukoo, migomba yangu imeukataa mchanga, na njiani huitwa "mzee" na watu ambao humwita hivyo hata kijana yeyote mwenye kitambi. Kilichobaki cha kunitambulisha ni hiyo firigisi. Jumapili nilipoinyooshea mkono, shemeji yangu Audax, aliyekuja kutoka Tabata kumwona kaisari, aliniwahi.

"Shemeji, huyu ana miaka elfu moja na mia saba. Wewe una sabini na sita. Sogea."

Ikawekwa kwenye kisosi mbele ya sarafu. Kaisari hakula. Audax akaila kwa niaba yake, akidai kuwa yeye ndiye msemaji wake.

3. Shikamoo. Wajukuu sasa huanza na sarafu. Kwa kuwa haiitikii, wanangoja, nami nangoja nyuma yake. Juzi Recho alichelewa shule.

4. Hesabu. Nimesoma kwamba Probus aliuawa na askari wake mwenyewe akiwa na umri wa miaka hamsini. Mtu wa hamsini ni mdogo wangu, angenibebea mfuko. Nilipomweleza Audax, alisema marehemu huendelea kuhesabiwa. Nikamuuliza iwapo nami nikifa nitamkaribia. Akasema hapana, maana na kaisari atakuwa hajasimama kuhesabiwa.

Kwa hiyo naomba uitambue upya sarafu hiyo kuwa ni senti hamsini yetu ya mwaka 1966, ile yenye sungura. Ukubwa unakaribiana, na miale ya taji, ukiitazama kwa jicho la huruma, ni masikio. Nakiri kuwa miale ni mingi kuliko masikio ya sungura mmoja. Lakini mimi nimezaliwa mwaka 1949, na sungura huyo atanisalimu.

Nisalimie mama watoto, wanafunzi wako, na yeyote nyumbani kwako anayejua nafasi yake mezani.

Wako, mkubwa wa nyumba aliyesimamishwa kazi,

Apolinari

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Audax amerudi kwake Tabata, na Avelina ameamua kwamba anayemtunza kaisari ndiye atakayekula kwa niaba yake. Nimemtia kwenye mfuko wa shati. Mchana huu nimekula firigisi yake, na kwa kuwa sasa mimi ni mkubwa wa pili, nimepewa paja langu pia. Kama umekwisha kuanza kumpunguzia umri, tafadhali acha. Ikiwezekana, mwongezee.