Kidonge Kilichoishinda Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Bi Mkunga, mwenye jengo la klabu yetu ya shabaha, amekuja jioni akasimama mlangoni, soksi za mumewe mkononi. Kiti nilichomletea hakukikalia. Amesema mumewe tangu apate kiharusi usingizi wake ni wa mchana tu, na chumba chake na ukumbi wetu vinagawana ukuta mmoja. Kila bunduki ikilia, mzee anashtuka. Kwa hiyo kundi moja litabaki, jingine litafute pa kwenda. Jumamosi mchana, mgonjwa akishalala, kila kundi litapiga risasi tano. Yeye atakaa kando ya kitanda na kumtazama. Watakaomwamsha waondoke.

Nilitaka kucheka, nikajikaza. Mimi ni katibu wa kundi la bunduki za upepo. Wenzetu ni kundi la bunduki ndogo za baruti. Upepo dhidi ya baruti, kwa ukimya. Hii si kesi, ni zawadi.

Hata hivyo naandika kwa moyo mzito, maana kilicho mezani ni Binti yangu. Ndiye mlengaji wetu bora. Mwisho wa mwezi kuna mchujo wa timu ya taifa, na amekuwa akiungoja tangu anavaa sare za shule. Mchana anauza katika duka la dawa, jioni anafanya mazoezi. Ukumbi mwingine uko mji wa pili, na akitoka kazini basi la huko limeshaondoka. Tukiukosa ukumbi huu, mchujo basi.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, baba yake nipo. Amenitazama. Amesema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Watoto wa siku hizi hawajui kupokea faraja.

Jumanne, 4 Machi

Luteni amenitukana mbele za watu.

Huyu ni kiongozi wa kundi la baruti. Gwanda hajapata kulivaa maishani mwake. Alikuwa karani wa posta, cheo amepewa na masharubu yake. Leo amesimama katikati ya ukumbi akaeleza, bila kuulizwa, kwamba risasi yake ya kawaida hutoka kwa zaidi ya mita mia tatu kwa sekunde. Kidonge chetu cha bunduki ya upepo, akasema, hakifiki mia na themanini. Njiwa akikiona kinakuja ana nafasi ya kumaliza kujikuna, kisha ndiyo aruke.

Watu wamecheka. Binti naye ametabasamu, nimemwona.

Nikajibu kwamba sisi hatuna kelele. Luteni akasema hata jiwe mfukoni halina kelele. Wakacheka tena.

Damu imenichemka hadi nyumbani. Nimekula chakula bila kukisikia ladha. Nimefikia uamuzi: kushinda kwa ukimya pekee hakutoshi. Jumamosi tutashinda kwa ukimya na kwa kasi, vyote viwili, mchana kweupe, na Luteni akiwa amesimama pale pale na masharubu yake.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya vipimo. Mimi ni msoma mita za maji, namba ndizo zinazonilisha. Sibahatishi.

Nimeweka simu kwenye rafu ya jikoni, ina programu ya kupima sauti. Nimechukua bunduki ya Binti nikapiga kutoka sebuleni, shabaha ikiwa boksi lililojaa magazeti makuukuu. Mshale kwenye simu haukusogea sana. Safi. Kisha mke wangu akaangusha mfuniko wa sufuria, mshale ukafika ukingoni. Nimeandika: bunduki, chini, mfuniko, juu kupita kiasi.

Mke wangu ametaka kujua kwa nini napiga bunduki ndani ya nyumba wakati yeye amebeba mafuta ya moto. Nimemweleza kwamba ni sayansi. Amesema sayansi ihamie uani. Tumehamia uani.

Ukimya tunao, basi. Kilichobaki ni kasi. Alasiri nimekwenda kwa Muua Panya wa ghala la nafaka. Ana bunduki ya upepo ambayo springi yake ingeweza kubeba lori. Kuikoki lazima uikanyage kwa mguu na umwombe Mungu. Anaiita Mfalme. Ameniazima pamoja na kopo la vidonge vyepesi ajabu, si vya madini ya risasi bali vya bati fulani, ukivimwaga kiganjani huhisi kitu. Amesema vikitoka kwenye Mfalme vinavuka mita mia tatu na hamsini. Nimemwomba arudie. Amerudia.

Kwa dhamana ametaka feni yetu ya sebuleni. Ni ya siku chache tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemdokezea Binti nusu ya mpango. Amekisia nusu ya pili mwenyewe, na uso umembadilika.

Ameweka kijiko chini akanieleza taratibu, jinsi anavyowaeleza wateja wanaokunywa dawa kinyume. Sauti nayo ina mwendo wake, karibu mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Kitu kikiuvuka mwendo huo, hewa yenyewe inapasuka, na mpasuko unakifuata njia nzima. Haijalishi kimesukumwa na baruti au na upepo. Bunduki yake inapiga polepole kwa makusudi. Ndiyo maana haisikiki. Tena Luteni si mjinga, amesema. Kwa ajili ya Jumamosi ameagiza risasi zenye baruti kiduchu, na atazipiga kwa mtutu mrefu, moshi na nguvu viishie humo humo ndani. Amekubali kwenda polepole.

Binti hajaniomba kitu tangu aanze kupokea mshahara. Leo ameniomba. Bunduki yake, vidonge vyake, na apige yeye. Amesema, baba, hapa tumeshashinda, tusiguse kitu.

Nimekubali. Kwa mdomo.

Ni mtoto mwenye akili lakini amesoma mno. Upepo ni upepo. Mimi napuliza chai kila asubuhi na sijasikia mpasuko wowote. Zaidi ya hayo, Luteni amekubali kwenda polepole! Nafasi kama hii haiji mara mbili.

Mke ameuliza feni iko wapi. Iko kwa fundi, nimemwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ili nisije nikasahau jinsi mambo yalivyokuwa, maana kila mtu ana toleo lake.

Bi Mkunga ametufungulia saa nane. Kupitia mlango wa pembeni nimemwona mumewe kitandani, amelala ubavu, mkono mmoja ameukunja kifuani. Alikuwa mtu mkubwa zamani, aliwahi kubeba tangi letu la maji peke yake. Bi Mkunga ameketi, akafunga mlango.

Luteni ametangulia. Risasi tano. Sikuamini masikio yangu. Kila moja imetoka kama mtu amefunga kitabu. Tumesubiri. Bi Mkunga amefungua mlango kidogo, akatikisa kichwa: amelala. Luteni amejifuta jasho, wala hakujigamba, jambo lililoniudhi zaidi.

Zamu yetu. Binti ameinama kufungua mkoba wake. Nimemwekea mkono begani nikasema katibu ndiye atakayepiga, ni suala la heshima ya kundi. Nikamtoa Mfalme chini ya meza, nilikomfunika kwa koti tangu asubuhi. Binti amesema, baba, tafadhali. Amelisema kwa sauti ya chini sana. Nimelisikia.

Nimekoki. Nimelenga. Nimepiga.

Ulikuwa mpasuko mmoja mkali, wa ubao mkavu kuvunjwa juu ya goti, na ukuta ukaurudisha. Masikio yalinizizima. Luteni ameshika kichwa. Kidonge kiligonga chuma juu ya shabaha, hakikugusa karatasi.

Kisha tukamsikia mzee. Alikuwa analia. Mtu mzima, kwa ile sauti ambayo kiharusi kimemwachia. Bi Mkunga ametoka, na wala hakupandisha sauti. Amesema mumewe anauliza ni nani anayevunja mlango. Anadhani wamekuja kumchukua.

Mimi pia niliumia. Naandika hilo waziwazi, nilitamani ardhi ipasuke. Nimemshika Mfalme, sikujua pa kumweka.

Risasi nne zilizobaki hazikuhitajika.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Ule ukuta ni mwembamba mno. Ningeambiwa kuhusu ukuta ningejipanga vingine. Fundi aliyeujenga ana la kujibu.

Feni imerudi. Mke wangu ameifuata mwenyewe hadi ghalani, akaibeba kichwani njia nzima, na watu wote niliowasomea mita wamemwona. Ameiwasha, akaielekeza kwake.

Binti hajatoka chumbani. Nimegonga nikamwambia kwamba kitaalamu nimethibitisha kasi.

Jumatano, 12 Machi

Kundi la upepo halipo tena. Wanachama wamehamia kwenye mchezo wa bao na mmoja kwaya.

Leo pigo la pili. Luteni amekuja nyumbani, amevua kofia. Amesema kipaji cha Binti hakifai kuoza kwa ajili ya siku moja mbaya. Mchujo una sehemu ya bunduki ndogo za baruti pia. Atamwazima bunduki yake mwenyewe na zile risasi za polepole, maana Bi Mkunga ameruhusu hizo tu, na amfundishe kila jioni mpaka siku yenyewe. Alinitazama mimi, akingoja nikubali. Nikasema nitatafakari. Binti alikuwa ameshavaa viatu.

Nimekaa sebuleni peke yangu. Inauma. Mimi ndiye niliyemshikisha bunduki ya kwanza, nikipiga magoti nyuma yake uani ili asianguke. Sasa anakwenda kufundishwa na posta.

Ijumaa, 28 Machi

Mchujo ni kesho.

Binti amerudi mapema, amekaa nami mezani, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile. Amesema yuko tayari. Amezizoea zile risasi za polepole, amerekebisha ulengaji wake wote kulingana nazo, mizunguko midogo midogo ya skrubu za kulengea, siku baada ya siku, na sasa zinaingia tundu moja. Luteni anasema nafasi anayo. Kisha akanishika mkono. Akasema hana kinyongo tena. Ameniomba jambo moja tu: kesho nibaki nyumbani na nisimsaidie.

Nikaitikia kwa kichwa. Amenibusu kwenye paji la uso akaenda kulala, mkoba ameuacha mlangoni, tayari kwa safari.

Nitabaki nyumbani. Mimi ni mtu wa ahadi.

Lakini mzazi ana macho. Mwanangu anakwenda kusimama mbele ya taifa na risasi za baruti kiduchu, zilizotengenezwa zisimwamshe mgonjwa. Na kule hakuna mgonjwa. Wenzake wote watapiga za kasi kamili. Yeye peke yake atakuwa anarusha pole, kwa hisani ya karani. Huo mtego wa Luteni ameuona nani? Mimi.

Ufunguo wa kabati la klabu ninao bado, hakuna aliyekumbuka kuniomba. Nimekwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Zile za polepole nimezitoa katika kiboksi chake zote. Nimemwekea za mwendo mkubwa kuliko zote zilizokuwamo kabatini, zinaivuka sauti na kuiacha nyuma, kisha nikafunga mkoba kama ulivyokuwa.

Kesho atashangaa. Hatajua ni nani aliyemfanyia hisani hii, nami sitamwambia.