Mshindi wa Chumba cha Juu

Jumatatu, 3 Machi
Naandika ili nikifa wasibaki kubuni. Mwili umekwisha, goti ndilo limetangulia. Akili bado! Leo binti yangu ametoa hukumu: chumba cha juu, chenye roshani, atapewa atakayeruhusiwa kupanda ngazi kwanza. Ama mimi, ama shemeji yangu, dada wa marehemu mke wangu, aliyehamia kwetu na nyonga yake mpya. Kwa sasa nalala kando ya jiko. Kila sufuria naisikia. Mtu wa hadhi yangu hafii karibu na sufuria.

Jumanne, 4 Machi
Kaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Msichana mdogo, mkono wa chuma. Katufunga vifuko vya mchanga vifundoni, kila mtu na vyake, tuketi kitini, tunyooshe mguu, tuushikilie hewani. Wangu ulipanda nusu, ukatetemeka, ukaanguka. Shemeji akauliza huo ni mguu au kuku anachinjwa. Akaambiwa asinicheke. Akacheka. Mtihani Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nilikuwa mkaguzi wa shule. Wadanganyifu wa mitihani niliwanusa kabla hawajaketi. Ujuzi kama huo uzikwe bure? Nimefumua vifuko vyangu kwa wembe, nikamwaga mchanga kwenye chungu cha maua, nikajaza pamba ya mto. Nimeshona mwenyewe! Mshono safi kuliko wa kiwandani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nataka cha juu, na kuinama siwezi.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Mtaalamu alinikuta nimeshavifunga. Nikanyoosha mguu, nikaushikilia, huku nasoma gazeti. Akasema hajaona mzee wa namna hii. Nikamwambia hataona tena. Shemeji alijitahidi kwa jasho, akaambiwa bado kidogo. Alikuwa akinitazama mguu, si uso.
Nikapanda, mkwe wangu nyuma, mikono tayari. Nusu kwa mguu, nusu kwa kuvuta kishikio, nusu kwa kiburi. Hesabu haikubali, lakini nilifika. Roshani! Upepo! Nikawapungia mkono walio chini.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kushuka kunywa chai. Nikafika ukingoni. Ngazi ile ile, ila kuna mtu kaichongoa. Goti likagoma. Nikaagiza chai iletwe juu, nikasema napenda mandhari. Chakula cha mchana, mandhari. Cha jioni, mandhari. Binti yangu kaanza kunitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama.

Jumatatu, 10 Machi
Mtaalamu kapanda kwangu. Akainua kifuko kwa kidole kimoja. Kisha akasema, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba babu, kupanda mtu huweza kujivuta; kushuka, goti lenyewe ndilo linalokubeba. Turudi mwanzo, mchanga wa kweli, na chini nitashuka. Nikamjibu kwamba mkaguzi harudii darasa. Shemeji akapaza sauti kutoka chini: mwenye pamba ajirushe tu, atatua taratibu! Nyumba nzima ikacheka. Hata mkwe!

Ijumaa, 14 Machi
Shemeji kapata ruhusa. Kapanda polepole, mtaalamu nyuma yake. Akaketi kwenye kiti changu cha roshani, akanywa chai yangu, akasema chumba ni kizuri, nibaki nacho, yeye anapenda nyumba yenye mlango wa kutokea. Akashuka, mguu mbovu ukitangulia, akiimba.
Wanangoja nikubali mchanga. Watangoja sana. Chumba ni changu! Na namna ya kushuka nimeshaipanga: siku yangu ikifika, nitabebwa mabegani mwa wanaume wenye magoti mazima, mkwe akiwa mbele, shemeji nyuma akilia kwa adabu. Mguu wangu hautagusa ngazi hata moja. Hapo ndipo watakapojua nani alishinda.