Kadi Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta ametangaza kustaafu. Kiti chake kinabaki wazi. Kiti chenyewe kina magurudumu na pahali pa kuegemeza shingo. Changu kimefungwa mguu kwa utepe wa katoni. Meneja ametuita ofisini kwake, mimi na Shemeji, akasema kiwanda kimepata kazi kubwa ya kuchapa vitabu vya shule, na kurasa zinachelewa mno kutoka chumba cha wasanifu hadi kwenye mashine ya pleti, yale mabati ya kuchapia. Mteja mwenyewe anakuja Ijumaa. Atakayeondoa tatizo kabla ya hapo ndiye atakayekalia kile kiti.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi, kwa mdomo wangu huuhuu. Leo anashindana nami mchana kweupe! Alipotoka kwa Meneja akaenda moja kwa moja kusoma maelekezo ya seva, ile kompyuta kuu. Mtu mzima na ndevu zake anasoma maelekezo.

Mimi sisomi, napanga. Kurasa zote hupita kwenye kadi ya mtandao iliyomo ndani ya seva. Kadi ina kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiambia iende kasi gani. Nitaipunguza kasi kimyakimya. Waache walie wiki nzima. Ijumaa, mbele ya mteja, naifungulia, kurasa zinaruka, nakalia kiti. Rahisi mno.

Seva yetu inatumia mfumo wa ukoo wa Unix. Hauna picha wala vitufe. Unaandika amri; ukikosea unagombezwa, ukipatia unanyamaziwa. Nikauliza kadi zilizopo. Zikaja mbili, namba sifuri na namba moja. Sifuri maana yake hakuna kitu, hilo hata mwanangu wa darasa la kwanza analijua. Nikachagua namba moja, nikaiamuru ishuke mwendo wa chini kabisa, tena ifanye kazi kwa zamu: ikipeleka isipokee, ikipokea isipeleke. Seva ikanyamaza. Nikaenda zangu kunywa chai.

Jumanne, 4 Machi

Imewakamata! Dada wa Kurasa, msanifu wetu mkuu, ameingia bila hodi akilalamika kwamba kurasa za kitabu cha Sayansi zinajikongoja. Ni kweli hulalamika kila siku tangu nimjue, lakini leo niliusikia uchungu wa namna yake. Nikamwambia kwa upole avumilie, wataalamu tuko kazini. Akasema yuko mtaalamu mmoja tu kazini, na yuko chini ya meza yake.

Nikaenda kuchungulia. Kweli, Shemeji yuko magotini anafuata waya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeangusha sindano. Akatoka na utando wa buibui kichwani, akasema waya unaotoka kwenye seva umekaliwa na mguu wa kabati, umebonyea. Ataomba mwingine stoo. Na kweli aliomba ruhusa, akangoja ruhusa, akashukuru kwa ruhusa. Niliona huruma. Elimu yote ile imeishia uvunguni.

Akaniuliza, kwa zile heshima zake zinazochosha, kama kuna kitu nimegusa kwenye seva. Nikamwambia nimesikitika sana kuulizwa swali la aina hiyo na mtu niliyemlisha nyumbani kwangu. Akaomba radhi. Mtu dhaifu sana.

Jumatano, 5 Machi

Kuna mchezo unachezwa hapa. Kurasa zinakwenda mbio! Dada wa Kurasa anaimba, na sauti yake haifai kuimba. Amempelekea Shemeji chai mezani kwake, ndani ya kikombe chenye kifuniko. Mimi nipo hapa miaka na miaka, sijawahi kukiona kifuniko.

Wote wanasema ni ule waya mpya. Waya! Kadi nimeifunga mikono na miguu, nao wanausifu waya. Nikarudi kwenye seva kuhakikisha. Kadi namba moja ilikuwa palepale nilipoiacha, mwendo wa chini kabisa, kwa zamu. Nikaibana zaidi. Kiendeshi kina pahali pa kuweka vipande vya data vinavyongoja kupita. Nikapafinya pakabaki kidogo sana. Ukubwa wa kila kipande nao nikaupunguza. Kila amri niliyoandika ilipokelewa kwa ukimya kamili. Nikatoka kusikiliza vilio chumba cha wasanifu. Bado wanaimba, sasa wako wawili.

Nimekaa nikafikiri, nimepata jibu. Bila shaka Shemeji ananifuata nyuma akifumua kila ninachofunga. Hana ujasiri wa kunikabili usoni. Basi nimeyaandika masharti yangu yote kwenye faili la kuwashia, ili kila seva inapowaka yajirudishe yenyewe. Azime, awashe, atayakuta yanamngoja.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu mwenye akili hang'ang'anii mpango mmoja. Kama kurasa zimeamua kukimbia, basi na zikimbie kwa jina langu.

Nimekwenda kwa Meneja asubuhi kabla Shemeji hajafika. Nikamweleza kwamba tangu Jumatatu nimekuwa nikikirekebisha kiendeshi cha kadi ya mtandao, kazi nzito isiyoonekana kwa macho, na kwamba kasi hii anayoisikia ikisifiwa ndiyo matunda yake. Suala la waya sikulikana, nililitaja kwa ukarimu kama usafi wa kawaida. Meneja alitoa macho. Hakuelewa hata neno moja, nami nilikuwa nimelitegemea hilo. Akasema kesho nimwonyeshe mteja, na watu wote wawepo. Nilitoka mle nikitembea kama mwenye kiti.

Jioni nilimpa mama watoto habari njema. Badala ya kunipongeza akaacha kukunja nguo akanitazama.

"Na waya aliobadilisha mdogo wangu, huo ulifanya nini?"

Nikamwambia waya ni waya, haufikiri. Akasema yako mengine humu ndani yasiyofikiri. Familia yao yote ina wivu, niliambiwa mapema nikajitia hamnazo.

Ijumaa, 7 Machi

Laiti siku hii isingekuwepo.

Tulijazana chumba cha seva: Meneja, Dada wa Kurasa na wasanifu wake, Shemeji amesimama nyuma karibu na mlango, na mteja, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nikawaeleza kwa ufupi jinsi nilivyoiokoa kazi. Meneja akasema, basi ondoa marekebisho yako kwa muda tuone hali ilikuwaje, kisha uyarudishe. Wazo zuri, nilitamani lingekuwa langu. Nikatuma kurasa za kitabu kizima kwenye mashine ya pleti, kisha nikaiamuru kadi iende polepole kuliko kobe.

Kurasa zikafika upesi kama zilivyotakiwa.

Nikacheka kidogo. Nikasema mfumo umekwisha kuzoea kasi, lazima ulazimishwe. Nikabana hiki na kile. Kurasa zikafika. Mwishowe nikaamua kuizima kadi kabisa, kwa amri moja, mbele ya kila mtu, nikawaambia sasa hakuna kitakachopita. Mashine ya pleti chumba cha pili ikaendelea kunguruma, na kurasa zikaendelea kuingia.

Nikaiwasha tena kadi, nikaiuliza hali yake. Ikajibu kwa mistari mingi. Mteja akasogea, akashusha miwani, akasoma hadi chini. Kazi yake ni kusahihisha vitabu, haachi mstari.

"Samahani, baba. Hapa mwisho pameandikwa kadi hii haina waya. Ndivyo inavyotakiwa?"

Nikazunguka nyuma ya seva. Kadi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu, namba sifuri, imechomekwa waya mpya wa Shemeji na taa yake inapepesa. Ya chini ni yangu. Tundu lake lina vumbi, na kifuniko chake cha plastiki cha kiwandani hakijawahi kutolewa. Wiki nzima nimeibana, nimeifunga, nimeifungua kadi ambayo haijaunganishwa na kitu chochote duniani.

Dada wa Kurasa aliziba mdomo kwa kanga yake, mabega yanatikisika. Meneja akaniuliza kwa utulivu wa kutisha kasi ilitokaje kwenye kadi isiyo na waya. Nilikuwa nalo jibu, lilikuwa refu na zuri, lakini kabla sijalianza Shemeji akasema kutoka kule mlangoni.

"Hiyo ni ya akiba, mama. Shemeji alikuwa anaiandaa, isije ikatokea dharura wakati wa kazi yako."

Mteja akasema ni jambo la busara sana. Meneja alimtazama Shemeji, kisha akanitazama mimi, na niliona kiti kinavyobiringika kuelekea upande wa pili. Kabla ya saa ya kutoka kilikuwa kwenye meza ya Shemeji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kubezwa ningevumilia. Kuokolewa na yule, tena kwa heshima, ndiko kulikonimaliza.

Jumamosi, 8 Machi

Sikutoka chumbani. Mama watoto aliniletea chakula, akarudi kukunja nguo zake.

Alasiri Shemeji akaja. Akakaa ukingoni mwa kochi kana kwamba bado ni mgeni, akasema amemwomba Meneja niwe msaidizi wake, kwa sababu hajasahau nani alimfungulia mlango wa kiwanda. Meneja amekubali, lakini kwa shingo upande: nikivuruga tena, natoka kiwandani. Shemeji akaniachia ufunguo wa chumba cha seva. Kesho yeye anahama nyumba, na kurasa za mwisho za vitabu zinapita kesho hiyohiyo, kwa hiyo lazima awepo mtu wa karibu. Akanishika mkono.

"Usiguse kitu, Shemeji. Kaa tu, angalia taa. Nakuomba."

Nikamwahidi. Dada yake akatikisa kichwa akiwa jikoni. Nilijisikia vibaya kwa muda, nakiri, karibu nimpende.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa mbele ya seva, nimeangalia taa. Nimeziangalia sana. Kisha akili ikanijia.

Kwani kadi yangu ina kosa gani? Haijapimwa! Imehukumiwa bila kusikilizwa. Mtu hutumia wiki nzima ya maarifa kukitengeneza kiendeshi, halafu kazi inapewa kadi ya mwenzake kwa kuwa tu ina waya. Nikaona wazi kwamba Ijumaa kilichokosekana ni waya basi, na mpaka mteja wa vitabu alikiona. Kila kitu kingine kilikuwa tayari.

Nimetoa kile kifuniko cha plastiki. Nimechomoa waya kwenye kadi ya Shemeji nikauchomeka kwenye yangu. Anwani ya seva kwenye mtandao nayo nimeihamisha, nikazima seva nikaiwasha upya. Marekebisho yangu yote ya Jumatatu na Jumatano yamo kwenye faili la kuwashia, nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo sikuona haja ya kuyakagua. Mfumo haukunigombeza hata kidogo. Taa ya kadi namba moja ikawaka kwa mara ya kwanza tangu iundwe, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga. Nikafunga mlango, nikarudi nyumbani kula.

Sasa simu inaita. Ni Meneja. Bila shaka ameona tofauti. Nimeilaza juu ya meza, sitaki nionekane mwenye kiu ya sifa. Ameita tena. Sasa Dada wa Kurasa naye, ambaye hajawahi kunipigia maishani mwake. Sasa Shemeji, na fanicha zake njiani. Mama watoto ananiuliza kwa nini sipokei. Nimemwambia awaache wapige kwanza, maana watu hawa wamechelewa kunitambua na hawatakufa wakingoja kidogo.