Ombi la Kusimamisha Vidonge vya Risper Hadi Makambi Yaishe

Karungu,
Jumatano.

Kwa Daktari Bathsheba Nyatichi,
Kliniki ya Kifafa, Sindo.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu za Kanisa la Nuru ya Ziwa, tawi la Karungu. Mimi ni katibu wa Kamati ya Shuhuda, kazi ninayoifanya kwa uaminifu tangu kamati ilipoundwa na ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuitaka. Nakuandikia kwa heshima. Pakitokea mahali hasira imechomoza, tafadhali ihesabu kuwa ni ya kamati.

Makambi yetu ya ibada ya kila mwaka yanaanza kesho na kilele chake ni Sabato, siku ya shuhuda. Siku hiyo aliyeponywa hupanda jukwaani, husimulia alikotolewa, kisha hutupa motoni kile kilichokuwa kimemfunga, watu wakishangilia. Mwaka jana wenzetu wa tawi la Sindo, hapo hapo jirani na kliniki yako, walimleta mtu aliyechoma magongo yake. Sisi tulikuwa na mzee aliyechoma kiko, na wiki hiyohiyo akaonekana sokoni akichagua kingine. Aibu hiyo hatutaki kuirudia. Mwaka huu tuna Risper.

Risper amekuwa akianguka kifafa tangu utotoni, na wewe unamjua. Sasa ni mavuno mawili hajaanguka. Kamati ilifunga na kuomba kwa ajili yake wiki nzima, na wiki ileile yeye akaja kwako ukampa vidonge. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, Daktari. Ungengoja hata mwezi mmoja tu, kila mtu angejua sifa ni ya nani.

Malalamiko ya kamati ni haya:

1. Jogoo. Ulimwambia ameze asubuhi na jioni, saa zilezile, asiruke hata mara moja. Basi ametega simu yake iwike kama jogoo. Katika ibada ya jioni iliyopita Mchungaji Masese alikuwa amekwisha kumfikisha Lazaro mlangoni mwa kaburi, jogoo akawika. Risper akatoa chupa ya maji, akameza, akarudisha mkebe wa dawa mkobani, akaendelea kusikiliza kwa utulivu. Kanisa zima lilikuwa linamtazama yeye, na Lazaro akatoka kaburini bila kuonwa na mtu. Siku hizi akina mama wakimsikia yule jogoo wanajua ni wakati wa kubandika maji ya ugali, na kuna wanaoondoka kabla ya sadaka.

2. Neno "dawa". Tulipofanya mazoezi ya ushuhuda, Risper alisema vizuri sana mpaka mwisho, akamalizia, "Kwa hivyo nashukuru Mungu, na dawa." Tukamwomba aishie kwa Mungu. Akasema, "Baba, Mungu mwenyewe anajua nameza. Nikinyamaza nitakuwa nadanganya nani?" Kamati ikakaa, ikatafuta njia ya amani: aseme neno hilo, lakini kwa sauti ya chini, na papo hapo kwaya ya Mama Filister iingie na pambio. Tumejaribu. Kwaya ikiingia kwa nguvu neno halisikiki kabisa, ila Risper naye ameanza kupaza sauti.

Umeona ameniita Baba. Ndiyo, muumini tajwa ni binti yangu, jambo ambalo halijaathiri maamuzi ya kamati.

3. Mkebe. Hili ndilo kubwa. Kuni za ule moto zimekwisha kupasuliwa, na Risper hana cha kuchoma. Hana hirizi, hana kiko, pombe hanywi. Alicho nacho ni mkebe wa vidonge. Tulipomwambia autupe motoni alituangalia kama watu tuliorukwa na akili. "Hapana, hiyo siwezi," alisema. "Daktari alisema nikiacha ghafla itarudi na nguvu. Hata nikijisikia poa namna gani, ni yeye anapunguza, si mimi na si nyinyi." Tukapendekeza vidonge avihamishie kwingine, achome mkebe uliojaa mahindi. Wazo hilo lilikuwa langu. Chrispine, fundi wetu wa vipaza sauti, akalipinga. "Omera, ndugu yangu, hiyo mahindi ikianza kulipuka mbele ya watu tutasema ni pepo gani inatoka?" Nilikubali kwamba bisi zingeleta maswali.

4. Uchoyo. Mtoto wa dada yake Chrispine naye huanguka. Tulimwomba Risper amgawie vidonge kidogo tu, kwa upendo wa Kikristo. Alikataa! "Kila mtu ako na dozi yake. Huyo mtoto aletwe Sindo apimwe, mimi mwenyewe nitamsindikiza." Sisi tunafundisha watu kugawana hata samaki wa mwisho, wewe unawafundisha kunyimana. Na Mama Filister alipomchemshia mizizi ya kuongeza damu, Risper alishukuru, akaiweka pembeni, akasema lazima akuulize kwanza kama inapatana na dawa yake. Mama Filister amechemsha mizizi tangu kabla hujazaliwa. Leo aje apewe ruhusa na wewe?

5. Kesha na jikoni. Amekataa kukesha katika maombi ya usiku kucha kwa sababu ulimwambia kukosa usingizi kunauita ugonjwa. Amekataa kwenda ziwani kuoga peke yake. Amekataa kupikia moto wa mafiga hadi nilipomjengea jiko lililoinuliwa, na hata hapo husema mtu awe karibu. Mtu huyo ni mimi. Watu wa mji huu mdogo wa Karungu wamemwona katibu wa kamati akigeuza samaki wa omena kwenye kikaango, na wamepata la kusema. Nikikaanga, yeye hukaa kwenye kigoda akinisomesha: Baba, nikianguka nilaze ubavu. Baba, ondoa vitu vigumu karibu yangu. Baba, usinitie kijiko mdomoni. Baba, angalia saa, ikipita dakika tano nipeleke hospitali. Nimechoka. Nimeshika yote kichwani na sikutaka kuyajua.

Nikiri tu, kwa kuwa barua hii ni ya haki, kwamba ule mkono wake wa kushoto uliungua kwenye mafiga akiwa darasa la sita, mimi nikiwa nje nimekaa na wageni. Kwa miaka mingi nilikuwa naogopa hata kumtuma chumvi dukani. Sasa anakwenda peke yake mpaka mjini Awendo na kurudi, na mimi ninalala. Lakini hilo si la kamati.

6. Mimba. Eti ulimwambia siku akitaka kupata mtoto aje kwako mapema mzungumze kuhusu dawa, asiache kimya kimya na asinyamaze. Daktari, binti hajaolewa! Alinieleza haya mbele ya Mchungaji Masese, na mchungaji akaitikia kwa kichwa akasema ni jambo la busara. Siku hizi sijui mchungaji yuko upande gani.

7. Siri. Kila ziara unampima uzito, unamuuliza kama ana usingizi mwingi, kama anaona kizunguzungu, kama ametokwa na vipele. Siku moja aliona vipele viwili shingoni akaja kwako mbio bila hata kunywa chai. Vilikuwa vya mbu. Mimi baba yake sikuulizwa, na mbu wa Karungu nawajua vizuri kuliko daktari yeyote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Daktari, kamati inaomba jambo dogo sana. Uandike karatasi yenye muhuri ikisema kwamba vidonge vya Risper vimesimamishwa kuanzia kesho Alhamisi hadi Jumapili, yaani likizo. Kila mfanyakazi hupewa likizo, na vidonge hivyo vimefanya kazi bila kupumzika. Akishatoa ushuhuda na watu wakishatawanyika, Jumatatu anaweza kurudia kumeza kama kawaida, na hakuna atakayemuuliza. Hatuna ubaya na dawa. Tunachotaka ni iwe nje ya picha.

Ukikubali, kamati iko tayari kukutaja katika maombi ya kufunga makambi, ingawa si kwa jina.

Nisalimie mlinzi wa lango, yule mama wa dirisha la dawa anayeeleza kila kitu mara mbili, na wagonjwa wote wanaokaa kwenye lile benchi refu. Mchungaji Masese anakusalimu. Mama Filister anakusalimu pia, kwa baridi.

Wako katika huduma, mwenye matumaini ya jibu la haraka,
Joash Ogweno,
Katibu, Kamati ya Shuhuda.

N.B. Ijumaa jioni.

Daktari, barua hii haikuwahi kuondoka. Jana kamati iliona jibu lako litachelewa, ikaamua likizo ianze. Mkebe niliuchukua mimi mwenyewe mkobani mwake na kuufungia kwenye sanduku la kanisa. Risper aliusaka nyumba nzima na akanisihi kwa machozi. Nilimwambia ni imani tu, siku chache tu.

Leo mchana tulikuwa kwenye mazoezi ya mwisho. Alipofika "nashukuru Mungu" akaanguka jukwaani. Kwaya yote ilikimbia. Chrispine alikimbia na kipaza sauti mkononi, na Mama Filister alisimama mbali akipiga kelele kwamba nisikanyage lile povu, nitaambukizwa. Nilibaki mimi. Nilimlaza ubavu. Niliondoa viti. Mtu alinirushia kijiko nikakisukuma kwa mguu. Niliangalia saa, na sijawahi kuona mkono wa saa ukienda polepole hivyo. Alitulia kabla ya dakika tano kutimia. Nilikuwa nalia, Daktari, na sikujali nani ananiona.

Alipozinduka nilikimbia kuleta mkebe, nikatoa vidonge kiganja kizima ili nifidie vile alivyokosa. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini alinishika mkono. "Baba, moja tu. Zenye zimepita, zimepita. Piga simu kliniki kwanza." Nilipiga, na yule mama wa dirisha la dawa akaniambia vilevile, mara mbili. Alisema pia tuje Jumatatu bila kukosa. Tutakuja. Mtoto wa dada yake Chrispine tutakuja naye. Ukiwa na maneno makali niwekee mimi, usimwambie yeye.

Barua naileta hivi hivi ilivyo. Hayo ya juu yasome, ujue binti yangu alikuwa anameza dawa yako katikati ya watu gani.

Ushuhuda wa kesho uko palepale, kama atapata nguvu, na anasema anazo. Cha kuchoma kimepatikana: ni muhtasari wa kikao cha kamati cha jana, kwa mwandiko wangu. Risper atapanda na mkebe wake, na jogoo akiwika akiwa juu, atameza hapo hapo. Akifika kwenye neno "dawa" atalisema kama anavyotaka. Nimewaambia kwaya wanyamaze.