Ombi la Kurudisha Randa ya Umeme Kabla Nyumba Haijaisha

Kwa: Shangazi, Fundi Mkuu wa karakana
Kutoka kwa: mtoto wa kaka yako, yule unayemwita Msomi
Yah: Malalamiko dhidi ya randa ya umeme

Shangazi, shikamoo.

Baada ya salamu, ambazo natamani zikukute umekaa, naandika kwa heshima zote kulalamikia mashine uliyonikabidhi Jumapili iliyopita ikiwa imeviringishwa kwenye taulo kuukuu. Si desturi yangu kulalamika. Unajua mwenyewe kwamba nikikasirika hujifungia chumbani nikasoma. Lakini kwa sasa mlango wa chumba changu haufungiki, na sababu yake utaikuta katika lalamiko la tatu.

Nikukumbushe makubaliano yetu. Ulinipa randa, ukanipa na ubao mmoja mbichi wa kupigia randa, unene wake vidole viwili, urefu wake kama mkono wangu. Ukasema mbele ya baba na mama: "Msomi, ukiunyoosha huu, Jumatatu saa moja asubuhi una nafasi kwenye karakana yangu. Nitaulazia rula, nitaunyanyua dirishani. Mwanga ukipita chini ya rula, rudi kwenye vitabu vyako, na tusinuniane." Baba alicheka. Mama hakucheka, maana tangu nimalize chuo anangoja niajiriwe mahali penye kiti cha kuzunguka.

Leo ni Jumapili tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Randa hii hainiruhusu kufikiri. Mimi ni mtu wa kufikiri, Shangazi. Nafikiri nikiosha vyombo, nafikiri nikisalimiwa, hata usingizini nafikiri. Lakini nilipobonyeza swichi mara ya kwanza, ile ngurumo ilifagia kichwa chote, ikabaki mikono miwili na ubao. Kwa sekunde sita hivi sikukumbuka kosa hata moja nililowahi kufanya tangu darasa la nne. Nilipomaliza nilikuwa na maranda kwenye nywele, nacheka peke yangu uani. Mama akafungua dirisha: "Unacheka na nani?" Nikamwonyesha ubao. Si haki kumwondolea mtu wasiwasi wake wote bila kumpa taarifa mapema.

2. Randa hii ina chuki na ncha za mbao. Ulinielekeza: mwanzoni kandamiza mkono wa mbele, mwishoni kandamiza wa nyuma. Niliandika daftarini na kupigia mstari mwekundu. Ilipofika kazi yenyewe, nikaona ni uonevu kupendelea mkono mmoja, nikakandamiza yote miwili sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ncha zote mbili zikazama, katikati pakabaki kilima. Nikakifuata kilima, ncha zikazidi kuzama. Mashahidi wapo: mama, aliyeapa kwamba mashine hii haitalala ndani ya nyumba yake, alinijia Jumatano na ubao wake wa kukatia vitunguu, kasimama pembeni kama aliyekuja kuazima chumvi. "Kwa kuwa umeshaiwasha," akasema, "nipitishie na huu." Sasa kila kitunguu anachokata kinateremka pande mbili. Anapika akiwa amekinga mkono huku na mkono kule.

3. Randa hii imevunja amani ya milango. Mlango wa bafuni, kama unavyokumbuka, ulikuwa unakwama. Kwa miaka kumi na moja baba aliufungua kwa bega: anarudi nyuma hatua mbili, anavuta pumzi, anaingia. Alhamisi mchana niliupunguza ukingo, kidogo tu, halafu kidogo tena ili ulingane na kile kidogo cha kwanza. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe zawadi. Jioni baba akarudi nyuma hatua mbili, akavuta pumzi. Tulisikia beseni la nguo likipokea mtu. Kisha sauti yake, tulivu kabisa, kutoka ndani: "Nimefika."

Tangu siku hiyo mlango hauna haja ya bega, wala haufungiki. Kila anayeoga analazimika kuimba ili ijulikane yumo. Baba anajua wimbo mmoja tu, na si wote. Mlango wa chumba changu nao niliupunguza siku ileile, ili ule wa bafuni usijione umeonewa.

4. Randa hii haijui kuacha. Nilidhani ukiachia swichi kazi imekwisha. Hukuniambia kwamba visu vinaendelea kuzunguka, au uliniambia nikawa naandika daftarini. Ijumaa nikaiweka kwenye meza ya chakula, visu bado vinazunguka, nikageuka kutafuta rula. Ikaanza kutembea. Ilipita kando ya sukari, ikala kipande cha kona ya meza, ikaelekea kwenye redio ambako baba alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Baba aliinua redio kwa mkono mmoja na chai kwa mwingine, akaniangalia juu ya miwani: "Mwanangu, huyu mnyama wako hana kamba?"

5. Hili ndilo linaloniuma. Ubao wako. Kila nikilaza rula, mwanga unapita. Nauondoa ule uvimbe, mwanga unahamia kwingine. Jana niliugeuza, nikausukuma kinyume na nyuzi zake, ukanyofoka kama nywele zinazochanwa zikiwa kavu. Nikalazimika kusawazisha hayo nayo. Vile vidole viwili sasa havifiki kimoja. Nauliza kwa adabu: ni mtihani gani ambao karatasi inazidi kupungua kila mtahiniwa anapojibu?

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, randa ichukuliwe leo kabla ya chakula cha jioni, maana nimeanza kuuangalia mguu wa kitanda changu kwa macho yasiyofaa. Pili, wanaopanda miti waombwe waipande ikiwa imeshanyooka. Tatu, mwanga nao uonywe. Una anga lote, una dirisha zima. Hakuna sababu ya mtu mkubwa kama huyo kujipenyeza chini ya rula ya msichana. Nne, kama mwanga hautasikia, basi mtihani ufutwe na mimi nirudi kwenye vitabu. Nimekubali. Mama ameshanipigia pasi blauzi ya kwenda kuombea kazi, na ameining'iniza pale ninapoiona nikiamka.

Nisalimie mafundi wote wa karakana, mzee wa msasa na yule dada wa kupaka vanishi. Usalimie msumeno mkubwa, ila kwa mbali. Paka anayelala kwenye maranda mwambie namwonea wivu.

Ni mimi, niliyeshindwa kwa heshima,
Msomi

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, nikaona ubao umelala pale mezani peke yake, nikaona vibaya kuuacha bila kuuaga. Nikapanga visu vitoke kidogo kabisa, unene wa karatasi. Mkono wa mbele mwanzoni. Nikahamishia uzito nyuma polepole, bila kufikiri. Yakatoka maranda mapana, membamba kama ganda la kitunguu, kutoka ncha hadi ncha. Nikalaza rula. Nikanyanyua dirishani. Shangazi, giza. Nikageuza rula huku na huku, giza. Nikamwita mama, akafumba jicho moja, akachungulia kwa muda mrefu, akasema, "Mbona sioni kitu?" Nikamkumbatia mpaka akaomba msaada. Sasa ameitoa ile blauzi, anauliza karakana mnavaa nini.

Kwa hiyo randa isichukuliwe na mtu yeyote. Barua hii nitaileta mwenyewe kesho, saa moja kasorobo, pamoja na ubao. Naomba uanze na ubao.