Malalamiko ya Kuzuiwa Kupanda Mlima kwa Sababu ya Mavazi Yangu Nafuu

Kwa Meneja,
Kituo cha Kuteleza Thelujini,
Karakol.

Ndugu Meneja, ambaye pia ni mpwa wangu Bakai,

Pokea salamu za kiofisi kwanza, za kindugu utazikuta mwishoni. Nakuandikia kama raia aliyeonewa, siyo kama mjomba wako, ingawa ni mimi niliyekupandisha farasi mara ya kwanza, ukapandia upande huu ukashukia upande ule. Hilo tuliache. Barua hii ni ya ofisi.

Unafahamu kwamba binti yangu Aichurok ameolewa Bishkek, mji mkuu, kwa watu wanaovua viatu hata kwenye ngazi. Siku ya harusi baba mkwe wake, Bwana Sadyrbek, aliniuliza kwa adabu kama mimi huteleza thelujini, maana naishi chini ya mlima. Nikamweleza jinsi nilivyomfukuza mbwa mwitu kwa mbao za kutelezea kutoka mpaka wa Uchina hadi uani kwangu, mpaka mnyama akakaa kitako mwenyewe akiomba apumzike. Ukoo mzima uliniongezea nyama kwa heshima. Sasa Jumapili hii wanakuja wote, na shangazi zao, kuniona nikishuka. Na mfanyakazi wako Perizat, yule binti wa kwenye viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, amenifungia nisipande. Wakinikuta nimesimama chini kama muuza mbegu za alizeti, Aichurok ataitwa mtoto wa mwongo, na kila kikombe cha chai atakachomimina ukweni kitapokewa kwa kicheko cha puani. Ndiyo maana naomba nifunguliwe kabla ya Jumapili. Malalamiko yangu ni haya:

1. JOHO. Jumapili iliyopita nilikuja kwa safari yangu ya kwanza kwenye mlima wenye tiketi. Siku moja kabla nilianzia dukani kwako, kama mteja mstaarabu. Nikaonyeshwa jaketi jepesi kama ganda la kitunguu, kwa bei ya kondoo wawili na mikia yao. Nikamuuliza muuzaji nusu yake nyingine iko wapi. Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa lile joho la mahameli ya buluu nililovishwa na wakwe siku ya harusi, lenye nakshi za dhahabu na manyoya ya ngamia ndani. Gharama yake kwangu ni sifuri, na mtu akilivaa hata baridi inamwamkia shikamoo.

Perizat aliponiona akasema, "Baba, harusi iko wapi, na sisi tuje kula?" Nikamwambia, "Binti, joho la namna hii lilikuwa na heshima kabla wewe hujaota meno." Pindo likanaswa na kiti. Anadai nilisimamisha mlima mzima. Si kweli. Joho lilikuwa limetulia, kiti ndicho kilichokuja na kulikamata. Waliobaki wakining'inia juu walipata nafasi ya kulitazama ziwa la bondeni kwa utulivu, na wewe hukuwatoza chochote. Hiyo ni hasara ya uongozi, isiwekwe kwenye hesabu yangu.

2. KICHWA. Nilivaa kofia ya askari wa vifaru, ile ninayovaa kwenye mchezo wetu wa kugombania mzoga wa mbuzi juu ya farasi. Nimepigwa mateke na farasi nikiwa nayo, na farasi ndio waliochechemea. Perizat akauliza, "Mzee, kifaru umekiegesha wapi? Hapo ni pa magari madogo." Foleni yote ikacheka. Je, ni sera ya kituo?

Miwani niliazima kwa jirani anayechomelea mageti. Kwa miwani ile jua haliwezi kumdhuru mtu, kwa sababu halionekani. Ni kweli pia sikuuona uzio, wala mwalimu na darasa lake la watoto. Lakini watoto wale walianguka kwa mpangilio mzuri, mmoja baada ya mwingine, na walipoinuka waliomba nirudie.

3. SURUALI. Ya dukani inasifiwa kwamba haipitishi maji. Na nailoni ya kibanda changu cha nyanya je, inapitisha? Mke wangu Tursunai alinishonea juu ya suruali ya sufu jioni moja tu, huku akisema, "Ukifa kesho usiniite mjane, sema sikujui." Niliyapuuza maneno yake, naomba na ofisi iyapuuze.

4. MBWA. Hapa ndipo uzembe wa kituo unapovuka mipaka. Mbao nilikuwa nazo, za marehemu baba, nimezishusha kutoka banda la kuku na kuzifunga kwenye buti zangu za kupandia farasi kwa mkanda wa tandiko. Zilihitaji nta tu ya kuzitelezesha. Dukani nta ni kidonge kama sabuni ya gesti, na bei yake ni ya kuoshea ukoo. Basi nikazipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Baba zetu walipaka mafuta hayo kwenye hatamu, kwenye buti na kwenye vifua vya watoto wenye kikohozi, hakuna aliyefungiwa.

Mbwa wako, Ndugu Meneja, hawana malezi. Nilipoanza kushuka walikuwa wawili. Katikati ya mlima walikuwa ni mkutano wa hadhara, akiwemo mmoja wa kwenye hema la mgahawa aliyeacha kazi yake. Ubao wa kushoto walininyang'anya nikiwa mwendoni. Nikakaa kitako, na hapo ile nailoni ya nyanya ikashika madaraka. Niliwapita vijana wote wenye maganda ya vitunguu. Mmoja akapiga kelele, "Mjomba, breki." Nikamjibu kwamba breki ni za magari, ila nadhani jibu lilimfikia nikiwa nimeshafika chini, ambako nilisimama kwa hiari yangu kwenye ukuta wa ofisi yako.

Perizat akaja akanipangusa theluji masikioni, akasema, "Mzee, uko salama? Vizuri. Umefungiwa mpaka nyasi ziote."

5. KWA HIYO nadai yafuatayo: nifunguliwe, mbwa wafungwe, mavazi yangu yatundikwe kwenye dirisha la duka kama mfano kwa wageni wa mara ya kwanza wasio na kondoo wa kuchezea, na njia niliyoshuka ipewe jina langu, kwa kuwa kabla yangu haikuwa njia.

Kwa desturi yetu, mpwa akitaka kitu kwa mjomba hanyimwi. Ulichukua tandiko langu lenye fedha, ukachukua na mtoto wa farasi kabla hajapewa jina, nami nikatabasamu kwa meno yote. Safari hii anayeomba ni mjomba. Desturi haisemi lolote kuhusu hilo, maana yake haikuruhusu kukataa.

Nisalimie dada yangu, umwambie mgongo unaendelea vizuri. Wasalimie watoto, muuza tiketi, na mwalimu wa lile darasa. Hata Perizat msalimie. Ana ulimi mkali, na kama hajaolewa ninaye kijana.

Wako mdai haki, mwenye afya isipokuwa panapokaliwa,

Jumakadyr, mwana wa Sooronbai

Nyongeza: Nikiwa nalamba bahasha, Bwana Sadyrbek amepiga simu. Anasema, "Mkwe, nikuambie siri, mimi sijawahi kuteleza hata bafuni. Nimeshanunua kila kitu kipya. Utanishika mkono, tutashuka wawili kutoka kileleni, ukoo wote ukipiga picha." Tursunai amecheka mpaka ameketi sakafuni. Kwa hiyo, mpwa wangu, tafadhali usinifungulie. Jumapili wakishafika wote, Perizat atangaze kwa kipaza sauti kwamba Jumakadyr haruhusiwi kupanda kwa sababu kasi yake ni hatari kwa umma. Aseme kwa sauti ya masikitiko. Nitabishana naye kidogo mbele ya wakwe, na asikubali hata nikilia.