Barafu Nyuma ya Kipimajoto

Jumatatu, 3 Februari
Joto kali. Si la kawaida, wanasema. Mimi nasema ni la kawaida kabisa, ila watu wa siku hizi ni laini kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Shemeji, kaka yake mke wangu, mwalimu wa jiografia, alikuja kunyolewa akawahutubia wateja wangu kwamba dunia inazidi kupata joto. Jumamosi, ati, tupige kura ukumbini tupande miti barabara nzima. Miti! Mbele ya kibanda changu! Itaziba bango langu jipya lenye picha ya uso wangu! Nikamwambia hata babu yangu alitoka jasho na hakuna aliyemwitishia mkutano. Wateja wakacheka. Sina hakika walimcheka nani. Mke wangu, aliyeniletea chai, akasema kaka yake yuko sahihi. Damu nzito kuliko maji. Shemeji akatundika kipimajoto ukutani kwangu, nje, watu wajionee wenyewe. Nikakubali upesi. Nina akili zangu.

Jumanne, 4 Februari
Kazi imekwisha! Nimetoboa tundu kwenye mbao, nyuma ya kipimajoto, nikasokomeza mfuko wa barafu; kila asubuhi nitaweka mpya. Mchana watu walifika wamelowa jasho, wakasoma, wakatazamana. Kipimajoto kinasema baridi! Nikawauliza liko wapi hilo joto lao. Shemeji alikuna kichwa mpaka nikamwonea huruma. Kichwa chenyewe nimekinyoa mimi. Ila dobi, jirani yangu, mwanamume wa miraba minne, alijishika shingo akasema kama hakuna joto na yeye anachuruzika hivi, basi ni mgonjwa. Akafunga duka, akaenda zahanati.

Jumatano, 5 Februari
Nusu ya mtaa iko zahanati. Wote wana "homa." Nesi kawafukuza, wamerudi. Kibandani kwangu hata nzi haingii. Baya zaidi: mama mkwe kasikia. Kaja na mablanketi yake, kadai auguzwe, kalala kitandani kwangu. Mimi nimepewa mkeka. Lakini mtaa sasa unaamini hakuna joto, na hilo ndilo la maana.

Alhamisi, 6 Februari
Siku ngumu. Mchana mama mkwe aliishiwa nguvu chini ya mablanketi. Macho juu, midomo mikavu, hajibu. Nilikimbia kibandani pekupeku, nikachomoa barafu, nikarudi nayo mbio, nikamwekea kwenye paji la uso huku nikimbembeleza: mama, usituache, mama. Na nilimaanisha. Baadaye akafumbua jicho moja. Akanywa maji. Kisha akaniuliza kwa sauti kavu:
"Mkwe wangu, kinyozi na barafu wapi na wapi?"
Mke wangu akanitazama. Nikasema ni ya kupooza wembe. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 8 Februari
Mkutano. Nilipanga kuhutubia nikiwa na kipimajoto mkononi. Mama mkwe akaomba nafasi kabla yangu. Kumbe jana alipita kibandani akaliona tundu nyuma ya kipimajoto. Akasimulia yote, akaigiza na mbio zangu za pekupeku. Ukumbi ukalipuka! Dobi alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akauliza nani atamrudishia damu aliyotolewa kupimwa. Kura ikapigwa. Aliyepinga miti ni mmoja tu. Mimi. Shemeji hakujigamba. Alinishika bega akasema ubishi si dhambi, udanganyifu ndio dhambi, na kwamba mti wa kwanza tunaupanda leo leo, kwangu. Mama mkwe ndiye aliyechagua mahali: mbele ya bango langu, katikati, penye pua.

Jumapili, 9 Februari
Kumekucha na mvua! Baridi tupu! Nilivaa sweta, nikaenda kumgongea shemeji hata hajanywa chai. Liko wapi joto? Akaanza kunieleza kwamba mvua ya asubuhi moja haifuti joto la miaka, kwamba joto likizidi maji hutoa mvuke mwingi, mvuke ukapanda ukawa mawingu, mawingu yakaleta mvua kubwa. Hapo nikamnasa! Nikamuuliza ni nani aliyepanda huko juu akaona. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akafunga na mlango.
Ushindi! Nimeshaomba ukumbi kwa Jumamosi ijayo. Mada: je, ni kweli mvua hutoka mawinguni?
Mimi napinga.